Maombi Yanayozaa Matunda: Mafundisho kutoka Rungwe na Iringa

Sisi Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini hatuwezi kulaumiwa kwamba hatuombi. Mwaka ukianza tunafunga. Ijumaa tunakesha. Alfajiri, kabla ya kwenda shambani au kwenye biashara zetu, kengele inalia na tunakusanyika kwa sala ya asubuhi, hata Juni na Julai wakati baridi ya Mufindi na ya Uporoto inapouma mifupa. Katikati ya juma tunakutana nyumba kwa nyumba. Mgonjwa akilazwa tunamwombea, mtoto akienda kufanya mtihani tunamwombea, mvua ikichelewa tunaomba.

Lakini Bwana wetu, katika Injili ya Yohana sura ya 15, hakufundisha juu ya tawi kukaa katika mzabibu tu. Alifundisha pia kwamba mkulima analitazamia tawi hilo lizae. Hapo ndipo tunapotakiwa kujipima. Tumewahi kukesha kanisani mpaka jogoo akawika, sauti zimekauka kwa kuimba, halafu tukapishana njiani na jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na hatukumpa hata "kamwene" wala "ndaga". Tuliomba usiku kucha. Je, tulizaa nini asubuhi?

Ili kulijibu swali hili tunaona vema kurudi nyuma na kuitazama historia ya Kanisa katika nchi yetu hii, kuanzia Rungwe hadi Iringa. Historia hiyo inatufundisha kwamba tunda la kwanza la maombi ya kweli ni upatanisho, na kwamba tunda hilo huonekana kwanza kwa jirani kabla halijahesabiwa kanisani.

Mahali maombi yalipoanzia

Wamoravia walioleta Injili Rungwe walitoka katika jamii ya waumini iliyozaliwa Herrnhut, kijiji kidogo cha Ujerumani. Huko walikuwa wamekusanyika wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kwenye ardhi ya Bwana Zinzendorf. Tunapenda kusimulia kwamba watu hao walikuwa waombaji, na ni kweli. Agosti 27, 1727 walianza zamu ya maombi ya saa kwa saa, mchana na usiku, na zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mara nyingi tunasahau kusimulia yaliyotangulia. Kabla ya zamu hiyo kijiji kile kilikuwa kimejaa ugomvi. Watu waliokimbia mateso pamoja walikuwa wakishindana juu ya mafundisho na taratibu za ibada, kila kundi likiona limeshika ukweli peke yake. Mwaka ule wa 1727 walikaa, wakatembeleana nyumba kwa nyumba, wakakubaliana namna ya kuishi pamoja. Agosti 13 walikwenda kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, na hapo wakapatanishwa kwa namna ambayo hawakuisahau maisha yao yote. Zamu ya maombi ilianza majuma mawili baada ya kupatana. Miaka mitano baadaye, mwaka 1732, walituma wamisionari wao wa kwanza, Leonard Dober na David Nitschmann, kwenda kuwahubiria watumwa katika kisiwa cha St. Thomas.

Tuutazame mpangilio huo vizuri. Walipatana kwanza, wakaomba, kisha wakatumwa. Kama wangeanza kuomba kwa zamu huku wakiendelea kuchukiana, huenda leo tusingekuwa na habari zao.

Agosti ya mwaka 1891

Safari ya Injili kuja kwetu ilifanyika mwaka 1891. Makundi mawili yalikuja karibu wakati mmoja kwa njia ya mto Zambezi, mto Shire na Ziwa Nyasa. Kundi moja lilikuwa la Wamoravia, likiongozwa na Theodor Meyer. Kundi la pili lilikuwa la Misheni ya Berlin, likiongozwa na Alexander Merensky, mzee aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Afrika Kusini. Walikubaliana wasigombanie watu. Wamoravia walichukua upande wa magharibi, na wale wa Berlin upande wa mashariki. Kwa hiyo Wamoravia walijenga Rungwe, na baadaye Ipyana, Rutenganio, Utengule na Mbozi. Wenzao wa Berlin walianza Unyakyusa ya mashariki, wakapanda milima kwenda Ukinga, ambako walifungua kituo cha Bulongwa mwaka 1895, na kuendelea hadi Ubena na Uhehe. Kutokana na kazi ya makundi hayo mawili wengi wetu leo ni Wamoravia na wengi wetu ni Walutheri.

Lakini tukumbuke ulikuwa wakati gani. Agosti 1891 Wamoravia walipofika Rungwe na kupiga kambi, mwezi huo huo, tarehe 17, jeshi la Wajerumani lilikuwa limepambana na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, karibu na Iringa. Kamanda wa Wajerumani, Zelewski, aliuawa pamoja na askari wake wengi. Wajerumani walirudi, na Oktoba 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu la kichwa chake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu.

Kwa hiyo mwezi mmoja ulileta Wajerumani wa aina mbili katika nyanda zetu, wenye bunduki na wenye Biblia. Babu zetu wangezitofautishaje? Rangi ilikuwa moja na lugha ilikuwa moja. Wamisionari wenyewe hawakuwa malaika. Walikuja chini ya kivuli cha ukoloni, na baadhi yao walizidharau mila ambazo hawakuzielewa. Neno lao peke yake lisingetosha kuwatofautisha na askari. Kilichoweza kuwatofautisha ni tunda, na tunda halikomai kwa siku moja.

Miaka mitano bila kuhesabu

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa machozi. Wamoravia waliotumwa walikuwa wanne. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka ule ule wa 1891, kazi haijaanza. Waliobaki walijenga, walijifunza Kinyakyusa, walifunga vidonda vya wagonjwa na kuwafundisha watoto kusoma. Nchi ilikuwa bado inasumbuliwa na misafara ya watumwa kandokando ya Ziwa Nyasa, na vituo vya misheni vikawa mahali ambapo baadhi ya watu waliokombolewa kutoka katika misafara hiyo walipata pa kulala.

Mwaka wa kwanza ulipita. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Rungwe hakuna aliyebatizwa. Kwa hesabu zetu za leo, mchungaji anayepeleka taarifa ya namna hiyo kwenye mkutano wa mwaka angeulizwa maswali mazito, na pengine angehamishwa. Ndipo mwaka 1897 wakambatiza mtu wa kwanza. Hakuwa chifu wala mtu mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa mwanamke, jina lake Fiabarema. Katika ubatizo alipewa jina jipya la Kinyakyusa, Numwagile, maana yake "nimempata".

Tulitafakari jina hilo. Wamisionari walikuwa wamesafiri miezi mingi kuja kuwatafuta watu, lakini mama huyu alipopata nafasi ya kushuhudia alisema ni yeye aliyempata Bwana. Tunda ni kazi ya Mungu katika moyo wa mtu. Mwenye shamba hawezi kulitoa mtini kwa nguvu.

Wakulima wa Rungwe na Mbozi tunalijua jambo hili. Mche wa kahawa ukishapandwa unangoja miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya maana. Mparachichi wa kubebeshwa nao ni hivyo hivyo, na ule wa mbegu unakawia zaidi. Katika miaka hiyo mkulima hakai tu. Anapalilia, anaweka samadi, anapogoa. Bwana Yesu alisimulia mfano kama huo katika Luka 13, wa mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda, na mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi ili aulimie na kuutilia samadi. Aliuombea mti, na papo hapo akaahidi kushika jembe. Maombi yake yalikuwa na mikono.

Jambo ambalo wazee wetu walilijua

Lipo jambo lingine ambalo si haki kulificha. Wamisionari hawakukuta nchi isiyojua kuomba. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja Kyala, na Wabena na Wahehe walikuwa wakimtaja Nguluvi, kabla Biblia haijafika. Majina hayo tunayatumia hata leo tunapoomba kwa lugha za nyumbani.

Mtafiti Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mume wake Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya ibada za jadi za Wanyakyusa. Jambo alilolikuta mara kwa mara ni hili: wazee waliamini kwamba sala ya mtu mwenye kinyongo haifai kitu. Ndugu walipokusanyika kuomba kwa ajili ya mgonjwa au ukoo, kila mwenye hasira alitakiwa kwanza aiseme wazi, aitoe moyoni, kisha apulize maji kutoka kinywani kama ishara kwamba ameitoa. Aliyeomba kwa mdomo huku ameficha hasira alihesabiwa kuwa hajaomba, na tena alikuwa hatari kwa wenzake.

Hatusemi turudi kwenye ibada hizo. Tunasema kwamba Bwana alipofundisha katika Mathayo 5 kwamba mtu aiache sadaka yake madhabahuni aende kupatana na ndugu yake kwanza, babu zetu waliweza kuyaelewa maneno hayo upesi kuliko sisi. Injili haikuja kuwafundisha kwamba kinyongo huharibu sala. Hilo walilijua. Ilikuja kuwaonyesha Yule awezaye kukiondoa kinyongo chenyewe, na kuupanua mpaka wa upatanisho uvuke ukoo na kabila. Kituo kimoja cha Wamoravia kiliitwa Rutenganio, jina linalotokana na neno la Kinyakyusa la amani. Katika nchi iliyokuwa na vita na utumwa, hilo ni tunda la Roho lililoandikwa kwenye ramani.

Sharika zilizobaki yatima

Jaribu kubwa lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini, na kufikia mwisho wa Agosti yalikuwa yameuchukua mji wa Iringa. Wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa. Wanaume walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa majeshi, chakula kilichukuliwa ghalani, njaa ikafuata, na mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua uliowaua watu wengi.

Katika sharika zetu hakukuwa na mchungaji Mwafrika hata mmoja aliyebarikiwa kwa kazi hiyo. Wachungaji wa kwanza walikuja kubarikiwa katika miaka ya 1930. Kwa hiyo hapakuwa na wa kugawa Meza ya Bwana. Walibaki walimu wa shule za vijijini, wazee wa kanisa na akina mama. Hawakuwa na mshahara. Hawakujua kama wamisionari wangerudi. Huko Ubena, mmoja wa walimu waliosimama imara alikuwa Martin Nganisya wa Kidugala. Baadaye walikuja wasaidizi Waskoti kutoka misheni ya Livingstonia, lakini walikuwa wachache na nchi ni kubwa.

Basi hao walimu walifanya nini? Walipiga kengele. Jumapili walisoma Neno na kuongoza sala. Waliwafundisha waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo. Waliwazika waliokufa. Waliwaamua waliogombana. Wamisionari waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta Kanisa liko hai. Tawi lilikuwa limekatwa kutoka kwa waliolipanda, lakini halikuwa limekatwa kutoka kwenye Mzabibu. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 na Wajerumani wakaondolewa tena, Kanisa lilikwisha kujifunza kusimama. Juni 19, 1963 Walutheri wa nchi nzima waliungana kuwa KKKT. Huko nyuma ya tarehe hiyo tuwaone pia wale walimu wa 1916, ambao picha zao hazipo ukutani.

Tunajifunza kwamba maombi ya miaka ile hayakutegemea spika, wala mhubiri mgeni, wala ukumbi mzuri. Yalitegemea watu walioendelea kuwa waaminifu wakati hakuna aliyewatazama. Uaminifu umo katika orodha ya matunda ya Roho, Wagalatia 5:22–23. Nadra sana kuusikia ukishangiliwa kwenye mikutano ya maombi.

Mavuno yetu ya leo

Sasa tujitazame wenyewe. Matunda yapo, na tumshukuru Mungu. Hospitali za Mbozi, Isoko, Itete na Ilula ni matunda ya watu walioomba na kushika jembe. Shule na vyuo vyetu ni matunda. Wapo akina mama katika kila mtaa wanaolea yatima bila kutangaza.

Lakini kuna habari nyingine ambazo hatuna budi kuzipeleka kwenye maombi. Nyanda zetu ni ghala la taifa. Mahindi, viazi, maharage, maziwa, ndizi na parachichi vinatoka hapa kwenda Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa ndio mkoa unaoongoza Tanzania kwa udumavu wa watoto: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Zaidi ya nusu ya watoto wetu hawakui inavyopaswa, katika mkoa wenye chakula na wenye makanisa kila kona. Mama ameamkia shambani na mtoto anangoja ugali mtupu mpaka jioni. Mayai yameuzwa, maziwa yameuzwa, na sehemu ya fedha imeishia kwenye ulanzi.

Vilevile utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yalizidi asilimia 11 Iringa na asilimia 9 Mbeya, wakati kwa taifa yalikuwa karibu asilimia 5. Na katika baadhi ya vijiji vyetu bado bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaogopwa na kutishwa kuwa ni mchawi, na wanaomtisha wanajua nyimbo zote za kanisani.

Hatuyasemi haya ili tuone aibu tu. Tunayasema kwa sababu nabii Isaya, sura ya 58, alikwisha kueleza ni mfungo gani Mungu anaupokea: ule unaomfikishia mwenye njaa chakula. Tukifunga siku ishirini na moja na watoto wa mtaa wetu wamedumaa, tunaweza kujiuliza chakula ambacho hatukula tulikipeleka wapi.

Tufanye nini

Kwanza, tusipunguze maombi. Asiseme mtu kwamba historia hii inatutaka tuache kukesha ili tufanye kazi. Tawi halizai kwa kujitenga na mti. Wale wa Herrnhut waliomba zaidi ya miaka mia moja, na sisi bado tu wachanga.

Pili, tupatane kabla ya kuomba. Kila mkesha na uanze na nafasi ya kutafutana. Mwenye neno na mwenzake aende nje ya mlango wa kanisa, akaseme naye, warudi pamoja. Ikibidi mkesha uchelewe kuanza saa moja kwa sababu hiyo, tutakuwa hatujapoteza saa hiyo.

Tatu, kila ombi tulipe mikono. Jumuiya inayowaombea watoto na ijue majina ya watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba zake, na nani kati yao hajaonja yai wala maharage juma hili. Mfungo ukiisha, tuhesabu chakula tulichokiacha na tukipeleke kwa nyumba moja. Hilo halihitaji kibali cha mkutano mkuu.

Nne, tuvumilie. Kijana aliyeacha pombe mwezi uliopita akianguka leo, tusimwandike kwenye hesabu ya waliopotea. Kama Rungwe ilingoja zaidi ya miaka mitano kumpata Numwagile, basi na sisi tuweze kumngojea mtu mmoja mwaka mmoja zaidi, tukilima na kutia samadi.

Wapendwa, waliotutangulia walipokea Injili katika mwaka wa vita, wakaitunza katika miaka ya njaa, wakatukabidhi ikiwa hai. Watakaotufuata ni hao watoto ambao leo tunawapima urefu kliniki. Bwana wa mavuno atujalie wakue, na watukute tumepatana.

Amina.